HABARI ZA ZAO LA TUMBAKU KATIKA NCHI YA URAMBO



Katika kitabu hiki cha Yubile wenzetu wameandika habari za makanisa, shule na zahanati, kila kimoja na mwaka wake. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za jani. Huenda wako watakaocheka wakisema, Jani lina habari gani hata liandikwe kitabuni? Lakini mtu akiuliza bati za kanisa la kigango chetu zilinunuliwa kwa fedha gani, jibu ni tumbaku. Akiuliza watoto wetu walipataje sare na madaftari, jibu ni tumbaku. Na akiuliza kwa nini mama zetu leo huenda mbali kutafuta kuni, ambazo zamani ziliokotwa nyuma ya nyumba, jibu ni hilo hilo. Kitu kilichotupa na kututwaa namna hii hakifai kunyamaziwa siku ya kufanya hesabu.

Nasi twaandika tukiwa watoto wa wakulima. Tumelala kando ya moto wa bani usiku wa manane, tumekula kwa jani hili, na kwa jani hili tulisomeshwa. Kwa hiyo hatutalisifu kupita kiasi, wala hatutalitukana.

Tumbaku ya wazee

Tumbaku asili yake si Afrika. Ilitoka katika bara la Amerika, Wareno wakaileta katika pwani za Afrika, nayo ikaingia bara kidogo kidogo, kutoka mkono hata mkono. Wazee wetu Wanyamwezi waliipanda karibu na nyumba, mahali penye samadi. Wakaivuta kwa kiko, wakaisaga kuwa ugoro, wakamkaribisha nayo mgeni. Tumbaku hiyo haikuwa na mzani wala daraja. Bei yake ilipatanwa uso kwa uso, na asiyeridhika alichukua yake akaenda zake.

Wakati huo utajiri wa nchi haukutoka katika jani bali katika mabega ya watu. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakichukua pembe za ndovu hata pwani na kurudi na nguo. Mtemi Mirambo, ambaye nchi ya Urambo yaitwa kwa jina lake, alipata nguvu kwa sababu alizishika njia za misafara hiyo. Wamisioni wa kwanza kutoka London walifika kwake mwaka 1879, naye akawapokea. Alikufa mwaka 1884.

Baadaye wakaja Wadachi, na kodi yao ikaja. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi ikafa. Mtu alitakiwa kutoa fedha, wala hakuwa na kitu cha kuuza. Basi wanaume wakashika njia tena, safari hii kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakakaa miezi mingi mbali na wake na watoto. Tena katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa magharibi katika makao makubwa, kwa ajili ya ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa mwitu. Ndiyo sababu wageni waliokuja baadaye walidhani nchi ile ni tupu, haina mwenyewe.

Karanga zilizoshindwa, na jani lililofuata

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Wakubwa wa London wakafanya shauri la kulima karanga katika Tanganyika, eka zaidi ya milioni tatu, kwa mashine. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Ardhi haikutii shauri hilo. Huko Kongwa mvua zilipungua, udongo ukakauka ukawa kama matofali, na mashine zilizokuwa zimechakaa tangu vitani zikavunjika moja baada ya nyingine. Mwezi wa Januari mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba shauri limeshindwa, na paundi zipatazo milioni 36 zimepotea.

Lakini katika Urambo yalibaki mashamba yaliyokwisha kusafishwa, na nyumba, na barabara, na reli iliyo karibu. Udongo wa kule ni wa mchanga mchanga, hauna nguvu nyingi, na kwa mazao mengine hilo ni kasoro. Kwa tumbaku ya mvuke ni sifa, maana jani linalopandwa penye rutuba nyingi hunenepa likawa zito na lenye rangi mbaya, bali linalopandwa katika mchanga hutoka laini na la manjano. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 tumbaku ikajaribiwa Urambo, ikakubali. Mwaka 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika likapokea mashamba hayo. Wapangaji wa kwanza walikuwa Wazungu. Baadaye Waafrika nao wakapewa sehemu zao.

Tusidhani kwamba Urambo ilikuwa ya kwanza katika nchi. Songea walikwisha kulima tumbaku ya moshi tangu miaka ya 1930, na Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama chao cha ushirika cha kuuza mazao. Iringa nako walowezi walilima ya mvuke. Walakini nchi za Tabora ndizo zilizokuja kuwapita wote.

Hapa yatupasa kusema neno la haki. Kwa mara ya kwanza tangu siku za misafara, mwanaume wa Kinyamwezi aliweza kupata fedha bila kuiacha nyumba yake. Wazee walituambia hivyo mara nyingi, kwamba tumbaku iliwarudisha baba kutoka Tanga.

Lakini mtindo mmoja ulianza pale pale katika mashamba ya wapangaji. Mkulima alipewa kwanza kila kitu kwa mkopo: shamba kulimwa, mbolea, dawa, bani. Mavuno yalipouzwa, gharama zilikatwa, naye akapewa kilichobaki. Aliyeandika daftari hakuwa mkulima. Mtindo huo umebadili mabwana mara nyingi, lakini wenyewe haujaondoka.

Kazi ya mwaka mzima

Kwa ajili ya wasomaji wa mjini, twaeleza kidogo jinsi kazi ilivyo. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno; gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Husiwa katika vitalu karibu na maji mwisho wa kiangazi, hufunikwa kwa nyasi, na kumwagiliwa asubuhi na jioni. Mvua zikianza, kama mwezi wa Novemba au Desemba, miche huhamishiwa kwenye matuta. Mmea ukitaka kutoa ua hukatwa kilele, ili nguvu irudi katika majani, kisha machipukizi huondolewa mkono kwa mkono.

Majani huchumwa kutoka chini kwenda juu, machache kila juma, yanavyoiva. Nayo yakiwa mabichi na yenye umande, utomvu wake hupenya ngozi ya mchumaji. Kichwa chazunguka, tumbo lachafuka, usiku hapati usingizi. Sisi tulipokuwa watoto tuliambiwa ni uchovu tu. Leo twajua kwamba ni sumu ya tumbaku yenyewe, na watoto huumia nayo kuliko watu wazima, maana miili yao ni midogo.

Kisha majani hufungwa katika fimbo na kutundikwa ndani ya bani. Moto huwashwa nje, na joto hupita ndani katika mabomba bila moshi kuyagusa majani. Kwanza joto huwa la kadiri, kama vipimo 35, ili jani ligeuke manjano. Halafu huongezwa pole pole hata kufika 70, mpaka mshipa wa katikati ukauke. Kazi hiyo huchukua kama juma moja, wala moto haupumziki usiku. Mlinzi akisinzia na moto ukafifia, rangi huharibika. Moto ukizidi, na jani moja likaanguka juu ya bomba, bani zima huteketea pamoja na jasho la mwaka.

Mwisho majani huchambuliwa moja moja: ya chini, ya kati na ya juu, yenye rangi ya limau na yenye rangi ya chungwa, mazima na yaliyotoboka. Madaraja yake huhesabiwa kwa makumi, na kila daraja lina bei yake. Majani hufungwa marobota, yakapelekwa sokoni. Mkulima aliyefanya kazi tangu Agosti husimama kando ya robota lake, na mteuzi huliangalia kwa dakika chache akalitaja daraja. Hapo ndipo mwaka wote huamuliwa.

Walioshika mzani

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ushirika ulikua, na Wazungu wa Urambo wakaondoka mmoja mmoja. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukakataza mataifa kununua tumbaku yao. Wanunuzi wakatafuta jani mahali pengine, na nchi kama yetu zikapata nafasi.

Likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baadaye Operesheni Vijiji. Katika miaka hiyo ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, na vijiji vingi vya kwetu vikapewa tumbaku kuwa zao lao la fedha. Wakati huo huo walikuja ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walipewa makao Ulyankulu, ndani ya mwitu, wakaukata kwa shoka na jembe; nao wakawa wakulima hodari wa tumbaku. Wengi wao wamekwisha kuwa raia, na watoto wao leo wanaimba pamoja nasi kanisani.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mamlaka ya zao ikanunua moja kwa moja kutoka vijijini. Katika miaka ya 1980 vyama vikarudishwa. Katika miaka ya 1990 milango ikafunguliwa, makampuni ya watu binafsi yakaja kununua, yakileta mbolea kwa mkopo. Mwaka 2001 ikatungwa sheria mpya, na Bodi ya Tumbaku ikawekwa kusimamia masoko. Jani la kwetu hupelekwa viwandani Morogoro, huko huchambuliwa na kupakiwa tena, kisha huenda bandari ya Dar es Salaam na kuvuka bahari. Bei yake hupangwa kwa dola ya Marekani. Katika msimu wa 2022/2023 nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 120,000, na Mkoa wa Tabora ulikuwa mbele; misimu michache kabla yake mavuno hayakufika nusu ya hayo, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamepunguza mikataba. Hivyo msomaji aona kwamba ukubwa wa shamba la Urambo hupimwa mbali sana na Urambo.

Tumewataja wapangaji, ushirika, mamlaka, tena ushirika, na makampuni. Wazee hubishana ni wakati gani ulikuwa bora. Sisi tukiwasikiliza twaona kwamba kila mmoja aliweza kulichukua jani na kulifikisha pwani. Lililokuwa tofauti ni nani aliyeshika mzani na nani aliyeandika daftari, na kama mkulima aliweza kusoma kilichoandikwa.

Deni la wengi

Chama cha msingi hukopa pembejeo kwa niaba ya wanachama wote, na wote huwa dhamana. Shauri hili kwa asili yake ni jema, maana maskini peke yake hakopeshwi. Lakini akitokea mtu mmoja akaitorosha tumbaku yake na kuiuza kwa jina la mwingine, deni lake halifi. Hubaki chamani, nao waliouza kwa haki hukatwa. Mwenye bidii hulipa kwa ajili ya mwenye hila. Na viongozi wakikopa kuliko wanachama walivyoomba, wanachama hulijua jambo hilo siku ya malipo.

Haya hatukuyasoma. Mwaka mmoja, tulipokuwa tungali shuleni, baba yetu aliuza marobota yake yote, na madaraja yalikuwa mazuri. Tulikwisha kuhesabu: bati, baiskeli, karo ya kaka yetu. Akarudi jioni amechukua karatasi tu. Ilionyesha uzito, madaraja, fedha, kisha makato, na chini kabisa sifuri. Mama akauliza, "Baba fulani, hizo mbolea mifuko kumi ni za nani? Sisi tulichukua sita." Baba alikuwa amesoma kwa mapadre miaka minne, alijua kusoma, lakini hakuwa ameandika kitu chake mwenyewe cha kuonyesha. Alikwenda chamani mara tatu. Mara ya tatu akaambiwa kwamba daftari halidanganyi. Kaka yetu hakurudi shuleni mwaka ule, wala miaka iliyofuata.

Baba hakuacha tumbaku. Alinunua daftari la shule, na tangu siku hiyo aliandika kila mfuko aliopokea, tarehe yake, na jina la aliyempa, akamtaka atie sahihi. Jirani walimcheka wakamwita karani. Alipokufa tulilikuta daftari hilo ndani ya sanduku, pamoja na cheti chake cha ubatizo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Msitu usioandikwa

Kuna mkopeshaji mwingine ambaye hakuandikwa katika daftari lolote, ni msitu. Moto wa bani hula kuni juma zima, bani baada ya bani, mwaka baada ya mwaka. Miombo ya Tabora ilikuwa na miti ambayo wazee waliijua kila mmoja kwa kazi yake: mninga kwa milango na vitanda, na mingine kwa magome ya mizinga. Maana kabla ya tumbaku, asali na nta vilikuwa fahari ya Unyamwezi, na nyuki huishi kwa maua ya miti hiyo hiyo. Anayekata mti kwa ajili ya bani amekata na mzinga wa jirani yake.

Tena tumbaku huchosha udongo mwepesi upesi, na mkulima hutafuta shamba jipya mbele. Ndivyo watu walivyosogea kutoka Urambo kuelekea Kaliua na zaidi, na mwitu ukirudi nyuma mbele yao. Siku hizi wakulima hutakiwa kupanda miti, na mabani yanayotumia kuni chache yamejengwa mahali pengi. Wako waliopanda kwa moyo. Wako pia waliopanda siku ya kukaguliwa, wakaacha miche ikafa kiangazi. Sisi twawajua wote wawili, maana wote ni ndugu zetu.

Neno la Yubile

Wako wanaotuuliza: Ninyi walimu wa dini, mbona mwapokea sadaka ya tumbaku, hali yajulikana kwamba huua wavutaji? Swali hili ni la kweli. Mwaka 2003 mataifa yalipitisha mkataba wa kupunguza matumizi ya tumbaku, na Tanzania ikauridhia mwaka 2007. Ndani yake mataifa yaliahidi pia kuwasaidia wakulima wapate kazi nyingine yenye faida. Kwetu wengine wamekwisha kujaribu alizeti, karanga, na mahindi ya kuuza, na wengine wamerudia nyuki. Lakini hakuna anayewaletea mbolea ya alizeti kwa mkopo hata mlangoni, wala mnunuzi aliyeweka mkataba kabla ya mvua. Mtu mwenye deni la tumbaku hulilipa kwa tumbaku. Hilo ndilo jibu letu, nasi twaona haya kwamba hatuna lingine.

Yubile katika Maandiko ulikuwa mwaka wa kusamehe madeni na kuipumzisha ardhi. Tukitazama habari za jani hili, twaona kwamba mambo yale mawili ndiyo yanayotuuma: deni na ardhi. Hatuna uwezo wa kufuta deni la chama, wala hatuwezi kuurudisha msitu kwa mwaka mmoja. Tuliloweza tumelianza. Katika msimu wa masoko, baada ya ibada ya Jumapili, sisi hukaa chini ya mwembe ulio mbele ya kanisa, na mwenye karatasi yake huileta. Twaisoma pamoja, mstari kwa mstari, tukiilinganisha na daftari lake mwenyewe. Asiyekuwa na daftari twampa, na mwanawe aliye shuleni humwandikia. Wajane huja wengi. Mara nyingine kosa huonekana, nao hulipeleka chamani wakiwa kumi, wala hawarudishwi kwa neno moja kama alivyorudishwa baba yetu.

Basi twawaomba wasomaji wa vigango vingine wafanye vivyo hivyo. Daftari moja lagharimu fedha kidogo. Na mtoto atakayeliandika, asitolewe shuleni mwezi wa kuchuma.